Katika Bahasha Moja na Risiti

Ukiwaambia watu wa Eldoret kwamba wewe ni mwandishi, swali linalofuata ni moja tu: umeshinda nini?

Siwalaumu. Huu ni mji unaojua kupima ushindi. Tarehe 12 Oktoba 2019, Eliud Kipchoge alipokimbia kule Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, watu walijazana barabarani hapa mbele ya skrini kubwa, na alipovuka utepe hakuna aliyehitaji kuelezwa kilichotokea. Saa ilishasema. Mwanariadha akirudi nyumbani anapokewa kwa mursik, anapiga funda kutoka kwenye kibuyu, kamera zinamulika, na mjadala umeisha. Eldoret ilipokabidhiwa hati ya kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, jina lake la pili lilikuwa limetangulia miaka mingi: mji wa mabingwa.

Sisi wa kuandika hatuna saa wala utepe. Unamaliza hadithi saa nane za usiku, unabonyeza kitufe cha kutuma, unalala. Asubuhi ng'ombe wanakamuliwa kama kawaida na hakuna mtu anayekuuliza umelala saa ngapi.

Halafu mimi natoka Sugoi. Najua unachofikiria. Nikitaja Sugoi nikiwa Nairobi, mtu huniangalia viatu kwanza, kisha huniuliza kama mimi na rais ni majirani. Tangu 2022 jina la kwetu limekuwa la taarifa ya saa moja: misafara, helikopta, wajumbe waliovaa suti wakisimama kwenye nyasi. Hiyo Sugoi ipo, siikatai. Lakini ile ninayoishi mimi ni ya mahindi na maziwa, ya tope linalong'ang'ania gambuti mwezi wa nne, ya matatu ya Turbo inayokataa kuondoka mpaka ijae. Ni mahali ambapo mtu akisifiwa, anasifiwa kwa ekari, kwa ng'ombe, kwa mtoto aliyeenda majuu. Kitabu hakijawahi kuingia kwenye orodha hiyo.

Kwa hiyo nilipoanza kuandika, tena kwa Kiswahili, ambayo ni lugha ya tatu kinywani mwangu baada ya Kinandi na Kiingereza cha shuleni, nilihitaji ushahidi kwamba jambo hilo linawezekana. Ushahidi wenyewe haukuwa mbali.

Ukifuata barabara kutoka Eldoret kuelekea kaskazini, unafika Kitale. Ken Walibora alikulia pande hizo, katika familia ya watu wa bara kama sisi, mbali na bahari na mbali na wale wanaoitwa wenye lugha. Mwaka 1996 akachapisha *Siku Njema*, ambayo mhusika wake mkuu, Kongowea Mswahili, anaanza safari Tanga na kuifuata mpaka Kitale akimtafuta baba yake. Nilipoisoma nikiwa kidato cha pili nilishtushwa na kitu kidogo sana: kwamba Kitale inaweza kuwa kwenye riwaya. Kitale! Mahali ambapo shangazi yangu hununua mbegu. Kama Kitale inaweza kuandikwa, basi Turbo inaweza. Na kama Turbo inaweza, Sugoi je?

Walibora alipata tuzo. *Ndoto ya Amerika*, kitabu chembamba kuhusu vijana wanaoota kwenda ng'ambo, kilimpa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. *Kidagaa Kimemwozea* ilitahiniwa katika KCSE, kwa hiyo kuna kizazi kizima cha Wakenya kinachoweza kukutajia wahusika wake hata kikiwa usingizini. Alipofariki Nairobi tarehe 10 Aprili 2020, baada ya kugongwa na matatu, simu yangu ilijaa ujumbe kutoka kwa watu ambao sikuwahi kuwasikia wakizungumzia vitabu. Mmoja ni binamu yangu, dereva wa lori la mahindi. Aliandika maneno matatu tu: "Mtu wetu ameenda."

Nimefikiria sana kuhusu hilo neno "wetu". Sidhani kama binamu yangu anajua Walibora alishinda tuzo ngapi.

Ni kweli pia kwamba tuzo zina maana, na mwandishi anayekuambia hajali huenda hajawahi kulipa kodi ya nyumba. Abdulrazak Gurnah, Mzanzibari wetu, alikuwa jikoni kwake Uingereza akijitengenezea chai tarehe 7 Oktoba 2021 alipopigiwa simu kuambiwa ameshinda Nobel. Alidhani ni wale watu wa kukusumbua kwa simu wakitaka kukuuzia kitu. Napenda hicho kisa kwa sababu kinaonyesha mtu aliyekuwa ameandika miaka yote bila kukaa karibu na simu akiingoja. Na kwetu sisi wa Kiswahili kuna Tuzo ya Safal-Cornell, iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell. Mabati, ndiyo, yale yale ya kuezekea. Kampuni ya mabati ni miongoni mwa wafadhili wake. Nikiwa kitandani usiku mvua ikipiga juu ya paa, huwa najiambia kwamba angalau fasihi ya Kiswahili na nyumba yetu zinafunikwa na kitu kimoja.

Mimi mwenyewe nimewahi kusimama jukwaani mara moja. Ilikuwa Nairobi, shindano la hadithi fupi, nikawa kwenye orodha ya mwisho. Nilipewa cheti chenye jina langu, herufi moja ikiwa imekosewa, na bahasha ya nauli. Tulipiga picha. Kulikuwa na sambusa. Nilifurahi sana, na ukiniuliza leo nilijisikiaje nitakujibu vizuri kwa dakika mbili, kisha nitaishiwa na maneno. Cheti kiko kwa mama, nyuma ya kioo cha kabati la vyombo, katikati ya kalenda ya kanisa na picha ya harusi ya kaka.

Ninalotaka kusimulia ni lingine. Familia inayohusika nimeiomba ruhusa, na majina nimeyaacha.

Mwaka juzi niliandika hadithi kuhusu mama mmoja anayeuza ng'ombe wanne ili mwanawe aende kusomea uuguzi Ulaya. Pesa anapewa ajenti. Ajenti ana ofisi yenye kapeti, ana bendera ndogo za nchi mezani, anasema "process" mara nyingi. Baadaye ofisi inafungwa, namba ya simu inazimwa, na kijana anabaki na pasipoti safi isiyo na muhuri hata mmoja. Hadithi nzima inatokea asubuhi moja, huyo mama akiwa amebeba ndoo kwenda kukamua, anafika zizini, anakumbuka hakuna wa kukamuliwa. Ni hilo tu. Ilichapishwa kwenye intaneti, marafiki zangu wakaweka mioyo na mikono ya maombi, na baada ya wiki moja ikazama kama zinavyozama zote.

Ile hadithi niliitunga. Lakini sikuitunga kutoka hewani. Ukiishi pande hizi unajua nyumba ambazo swali la "kijana alienda?" haliulizwi. Unajua uzio uliouzwa pamoja na shamba. Watu walipeana pole wakati wa msiba, wakati wa ukame, wakati bei ya gunia la mahindi iliposhuka. Kwa jambo hili hakuna aliyepeana pole, kwa sababu waliotapeliwa waliona haya kuliko waliotapeli. Mtu aliyeibiwa ng'ombe usiku hupiga kelele, na kijiji kizima hutoka na tochi. Mtu aliyempeleka ng'ombe sokoni mwenyewe, akahesabu pesa mwenyewe, akampa mwizi mkononi na kusema asante, anaanzia wapi kupiga kelele?

Mimi hufundisha shule moja ya upili, mwalimu wa BOM, maana yake shule ndiyo hunilipa, ikipata. Kumbe msichana mmoja wa kidato cha nne aliipata ile hadithi kwenye simu, akaenda saiba Turbo, akalipa shilingi kumi kwa kila karatasi, akaitoa. Sikujua. Akaisoma bwenini. Likizo ilipofika akaenda nayo nyumbani, mama yake akaisoma, mama yake akaibeba kwenye chama. Huko chamani ilipita mikono ambayo siwezi kuihesabu. Niliambiwa baadaye kwamba karatasi ya tatu ilipotea, mama mmoja akawa anasimulia kwa mdomo sehemu iliyokosekana, na kwamba sehemu yake ilikuwa ndefu kuliko yangu.

Halafu siku ya Alhamisi nikapata simu. Sauti ya mama mtu mzima.

"Mwalimu, ni wewe uliandika ile ya ng'ombe?"

"Ndiyo, mama."

"Mzee anataka kukuona. Jumamosi ukipata nafasi."

Akakata. Hakusema mzee anataka nini.

Sitakudanganya, usiku wa Ijumaa sikulala vizuri. Kijijini, ukiitwa na mzee kuhusu jambo uliloandika, hujitayarishi kupongezwa. Niliwaza: watasema nimeanika siri ya mtu. Watasema msichana wa fulani amesomeshwa akarudi kutucheka. Mama yangu alinisindikiza mpaka njia panda bila kusema kitu, kisha akaniambia, "Ukiulizwa, jibu kwa heshima. Lakini usikatae kuwa ni yako."

Boma lenyewe lilikuwa safi, limefagiwa. Nyumba ya mbao, tangi la maji, zizi lenye nafasi ya wanyama wengi na ndani yake ndama mmoja tu aliyefungwa kamba. Niliangalia pembeni haraka. Mama alinipokea, "Chamgei, mwalimu," akaniketisha, akaleta chai ya maziwa mengi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, koti zito, kofia kwenye goti. Tukasalimiana. Akaniuliza babangu anaendeleaje, mahindi yetu yamefika wapi, shule imefungwa lini. Nikajibu yote. Chai ikapoa kidogo. Ndipo akachukua zile karatasi kutoka chini ya Biblia mezani, zimekunjwa mara nne, pembe zimekuwa nyeusi kwa kushikwashikwa.

"Macho yangu hayasomi tena," akasema. "Mama alinisomea kidogo, akashindwa. Soma wewe."

Aliongea Kiswahili, nami nikaelewa ni kwa heshima ya karatasi. Ujanani alifanya kazi EATEC, ile kampuni ya miwati iliyokuwa na mashamba makubwa pande zetu, na huko ndiko alikojifunzia lugha hiyo, kati ya watu wa makabila yote waliokuwa wakibambua maganda ya miti. Kiswahili chake kilikuwa cha kazi. Hakina mapambo, lakini hakipotezi njia.

Nikasoma. Nimewahi kusoma kazi zangu kwenye mikahawa ya Nairobi, mbele ya watu wanaojua wapi pa kucheka na wapi pa kunong'ona "mmh". Sijawahi kusoma mbele ya mtu anayetazama nje ya mlango muda wote. Nilipofika pale mama anapoinua ndoo, mke wake alisimama akaingia jikoni. Karatasi ya tatu haikuwepo, nikaisema kwa kichwa. Nilipomaliza, kuku alikuwa ameingia sebuleni na hakuna aliyemfukuza.

Mzee akakaa kimya. Kisha akasema, bila kunigeukia:

"Umesema wanne."

"Ndiyo, mzee. Kwenye hadithi ni wanne."

"Wetu walikuwa saba."

Akaanza kuwataja. Kwa majina, mmoja mmoja, kwa Kinandi sasa, na kwa kila mmoja alisema alinunuliwa wapi au alizaliwa na yupi, alikuwa anatoa maziwa kiasi gani, na aliuzwa soko gani. Wa tano alimtaja polepole. Wa sita na wa saba aliwataja kwa sauti ya chini sana. Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, hafuti chochote.

Alipomaliza aliinuka, akaingia chumbani, akatoka na bahasha ya kaki. Hizi kubwa za ofisini. Akamwaga vilivyokuwemo mezani: risiti za benki, nakala ya pasipoti ya kijana wake, barua yenye nembo ya rangi, stakabadhi ya kupimwa afya, karatasi ya mkataba wa kukodisha ekari mbili. Kila kitu kimepangwa kwa tarehe. Akazinyoosha zile karatasi zangu kwa kiganja, akaziweka juu ya hizo nyingine, akagonga pande zote ziwe sawa.

Nikaona ni lazima niseme. "Mzee, hiyo ni hadithi tu. Niliitunga. Haiwezi kuwa ushahidi."

"Najua imetungwa," akasema. "Risiti inaonyesha pesa. Haituonyeshi sisi."

Kisha akanipa kalamu.

"Weka sahihi. Na tarehe."

Nikaweka.

"Na namba ya kitambulisho."

Nikatoa kitambulisho changu kwenye pochi, nikanakili namba zote chini ya jina langu. Kuna waandishi wanaosaini vitabu kwa foleni, na natumaini siku moja nami nitakaa kwenye meza ya aina hiyo. Lakini sahihi yangu ya kwanza kama mwandishi iliombwa na namba ya kitambulisho, na kama itakuwa pia ya mwisho, sitalalamika.

Mama alinisindikiza mpaka getini. Alikuwa amenifungia lita mbili za maziwa, na nilijua yametoka kwa jirani maana kwao hakukuwa na ya kutosha. Nilijaribu kukataa, akanifinya mkono. "Miaka mitatu," akaniambia, "hajawahi kusema hiyo namba. Hata kwangu. Nilijua wameenda, lakini hajawahi kuihesabu kwa mdomo."

Nimekuwa nikilizungusha neno moja kichwani tangu siku hiyo. Kwa Kiswahili, kumtambua mtu ni kumwona sokoni ukajua ni fulani. Na kumtambua mtu ni kumpa heshima anayostahili mbele za watu. Neno ni lile lile, na ndani yake ndimo tulimotoa kitambulisho. Pale jukwaani Nairobi nilitambuliwa kwa maana ya pili: jina langu lilisomwa, watu wakapiga makofi. Kwenye lile boma kilichotokea ni kwamba watu walijitambua wao wenyewe katika kitu changu, kwa maana ya kwanza kabisa, ile ya sokoni: huyu namjua. Na sidhani kama maana ya pili ina uzito wowote ikikosa ya kwanza. Huenda ndicho binamu yangu alichomaanisha aliposema "mtu wetu". Hakuwa akihesabu tuzo za Walibora. Alikuwa amewahi kujiona humo.

Sisemi hivi ili wenye kutoa tuzo wapumzike. Waendelee, waongeze, na watulipe kwa wakati. Mwandishi wa Kiswahili anayeishi bara anahitaji pesa kama mkimbiaji anavyohitaji viatu. Wala sisemi kwamba hadithi ilirudisha ng'ombe. Zizi bado lina nafasi. Ajenti, nasikia, ana ofisi nyingine mahali pengine, na huenda ina kapeti jipya.

Ila wiki chache baadaye nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. Kijana. Nyuma yake kulikuwa na mlio wa mashine ya kuchanganya saruji.

"Wewe ndio ulimsomea mzee?"

Nikasema ni mimi. Akaniambia yuko Nairobi, anafanya mjengo, na kwamba baba yake alimpigia. Hawakuwa wameongea tangu ile biashara iharibike, salamu zilikuwa zikipitia kwa mama. Baba hakuongea mengi. Alimtajia ng'ombe tu.

"Mimi nilijua ni watano," kijana akasema. "Nilikuwepo wakati watano wanatolewa. Hao wawili sikuwa najua. Aliuza nikiwa nimeshaenda Nairobi kungoja viza."

Nikashindwa la kumwambia. Mashine ikazunguka kule kwake kwa muda.

"Hiyo stori," akasema, "naeza ipata? Nitumie kwa WhatsApp."

Ningeweza kumtumia pale pale, linki ilikuwa mkononi. Nikamwambia nakala nzuri iko kwa baba yake, kwenye bahasha ya kaki, imewekwa sahihi, na kwamba aende akaiombe mwenyewe.